Sululu Aliyeonwa na Wanawake Wawili

Fundi alivaa koti lake zuri kwenda kumtazama ndege ambaye alijua hayupo.

Lilikuwa koti la bluu alilolishona mwenyewe, lenye bitana nzito na kola ya kusimama, na siku nyingine akilivaa hutembea kama mtu aliyeitwa mbele kupokea zawadi. Asubuhi hiyo alilivaa kama mgonjwa anavyovaa shuka la hospitali. Alikaa kiti cha mbele kwenye gari la hifadhi, mikono mapajani, na kila Kimya alipomgeukia na kutabasamu, yeye aliinama kukagua vishikizo. Vishikizo vyote vilikuwepo. Alivishona yeye.

Kimya ndiye aliyekuwa mlinzi wa hifadhi ya pwani. Jina hilo alipewa na mama yake, maana alizaliwa hakulia mpaka mkunga akamfinya, na mama husema tangu siku hiyo hajaona sababu ya kujirekebisha. Mtu wa namna hiyo akitabasamu hadharani, watu huulizana kama yu mzima. Asubuhi hiyo hakutabasamu tu. Alikuwa anapiga mluzi.

Nyuma walikaa wawili. Mmoja alikuwa Mwenyekiti wa chama cha watazama ndege, mstaafu mwenye masharubu yaliyopangwa kwa kitana, na darubini yake ameipakata kama mjukuu. Wa pili alikuwa mama yake Kimya mwenyewe, amejifunga blanketi mpaka kidevuni. Mama huyo hakuwahi kukanyaga matope yale tangu mumewe afariki. Leo alisema na yeye anakuja. Alisema kama sululu, yule ndege wa marehemu, amerudi, basi hawezi kubaki nyumbani akimenya viazi. Fundi aliposikia hivyo alitamani gari lipate pancha. Halikupata. Magari huharibika siku ambayo mtu ana haraka.

Yeye na Kimya walijuana kwa zipu. Majira ya baridi yaliyopita, Kimya aliingia kwenye chumba chake cha kushonea akiwa na koti ambalo zipu yake ilikwama katikati ya kifua, haipandi haishuki. Ilibidi Fundi amvue kwa kumpitishia koti kichwani kama mtoto, na huwezi kumvua mwanamume koti kwa namna ile halafu ukaendelea kumwita mteja. Akabadilisha zipu. Wiki iliyofuata koti likarudi. Fundi akaipandisha zipu, akaishusha, ikateleza kama imepakwa sabuni. Akasema hii ni nzima. Kimya akaitazama ile zipu kama ndiyo iliyomsaliti, akasema basi labda ni mfuko. Mfuko nao ulikuwa mzima. Fundi, ambaye si mjinga, akautoboa kwa ncha ya mkasi na kumwambia aje Ijumaa.

Mama hakuifurahia habari hiyo hata kidogo. Fundi alikuwa ameshaolewa akaachika, na kwa mama, mwanamke aliyeachika ni sufuria iliyorudishwa dukani: utaikagua sana, lazima kuna mahali inavuja. Hakumtukana. Alimwitikia tu shikamoo yake kwa sauti ya mtu anayefunga dirisha, akamuuliza mwanawe kwa siri, tena mbele ya Fundi, kama wasichana wote mjini wamekwisha.

Na huyo sululu? Ni ndege wa rangi ya majani makavu, mwenye mdomo mrefu uliopinda kama sindano ya kushonea magunia. Baridi ikianza, hushuka na wenzake wengi kutoka kwenye nchi za barafu, wakaja kutafuta matope yasiyoganda, wakala hapo mpaka joto lirudi. Wote wanafanana. Ila mmoja alikuwa na pete za plastiki miguuni, moja njano na moja nyeupe, na pete hizo alivishwa na Kimya na baba yake, siku ya mwisho waliyotoka pamoja kabla mzee hajalala kitandani asiamke tena. Tangu hapo ndege huyo alirudi kila baridi, kwenye pembe ileile ya matope. (Mjini walikuwa na utani wao, kwamba Kimya amevisha pete miguu yote ya pwani na hajapata kidole hata kimoja. Yeye hakuwajibu.)

Mwaka huu sululu hakurudi. Kimya alikwenda kila maji yalipojaa, akarudi na uso kama ukuta. Akaacha kula vizuri. Koti alilorekebishiwa likaanza kumning'inia.

Ndipo Fundi, Jumapili moja, akaenda mwenyewe kusimama juu ya tuta la kuzuia bahari, kwa mapenzi tu, kwa sababu baridi ile haikuwa ya mtu mwenye akili timamu. Hakuona kitu. Alimpigia Kimya kumwambia amefika nyumbani salama na masikio yake yamekufa. Kimya akauliza, "Hukumwona?" Aliuliza polepole, kama mtu anayegonga mlango wa wagonjwa. Na Fundi, aliyefungua kinywa kusema hapana, akajisikia anasema, "Nimemwona."

Mguu gani una rangi gani? Hapo akaikumbuka picha ukutani ofisini kwa Kimya, marehemu amemshika yule ndege kifuani. Akasema mguu wa kulia njano, wa kushoto nyeupe. Upande wa pili wa simu akasikia mtu mzima analia bila kujificha.

Sasa ndege huyo ungemrudishaje?

*

Kibanda cha kutazamia kilikuwa cha mbao, kirefu na chembamba, kina tundu moja refu mbele na benchi moja refu nyuma yake. Wanachama wengine walikuwa wameshafika, wamebanana, mabuti ya mpira yananuka matope. Upepo uliingia kwenye tundu ukawatoa wote machozi, na Fundi akashukuru, maana ndani ya kibanda kile hapakuwa na mtu ambaye angeweza kujua nani analia kweli.

Kimya aliwaeleza watu utaratibu, ingawa wote waliujua. Ndege wa pekee kama yule hahesabiwi kuwa ameonekana mpaka aonwe na watu wawili. Fundi alikuwa wa kwanza. Leo akipatikana wa pili, yeye atapiga simu makao makuu papo hapo, kwa sababu hapajawahi kusikika sululu aliyeishi muda mrefu namna hiyo pwani ile. Watu wakaitikia kwa heshima. Neno la Kimya halikuwa na doa. Ndiye aliyewahi kumfuta Mwenyekiti kwenye daftari la hesabu mbele ya chama kizima, kwa ndege ambaye Mwenyekiti aliapa amemwona na Kimya akathibitisha kuwa ni kopo.

"Mimi nimekuja hapa kila siku, sikuona kitu," Kimya aliwaambia. "Huyu amekuja mara moja. Watu wana macho."

Wakamgeukia Fundi wote, wakamwonea fahari. Alihisi masikio yanawaka ndani ya skafu.

Maji yakaanza kujaa. Yalikuwa yanayala matope polepole, na ndege wakirudi nyuma mbele yake, wakikaribia kibanda, wanaokota hapa na pale kama watu wanaotoka kwenye nyumba inayovuja. Kila sululu aliyekaribia, Kimya alimpima miguu kwa darubini na kutangaza kwa sauti ndogo.

"Hana. Hana. Huyu hana."

Kila neno lilimchoma Fundi. Mwenyekiti akamwomba aonyeshe aliposimama yule ndege. Fundi akanyoosha kidole mahali, na hata kidole kikaona haya. Akaulizwa ndege alikuwa anafanya nini. Akasema alikuwa anakula. Anakula nini? Fundi akasema hakumuuliza. Kibanda kizima kikacheka, na aliyecheka kuliko wote alikuwa Kimya, kicheko cha mtu aliyerudishiwa kitu chake, na Fundi akaona ni heri wangempiga.

Alijaribu. Nisimwonee, alijaribu kweli. Alimsogelea akamnong'oneza kwamba ana neno, lakini Kimya jicho likiwa kwenye darubini alimshika mkono tu, akaubana, akauweka mfukoni mwake pamoja na wake. Ulikuwa mfuko uleule alioutoboa na kuushona. Mkono ukakaa humo ukipata joto la bure. Mama alikuwa anawatazama kutoka mwisho wa benchi.

Maji yakafika juu. Ndege wote wakabaki wamebanana kwenye ulimi mmoja wa mchanga, wengine wamesimama kwa mguu mmoja, vichwa ndani ya mbawa. Mwenyekiti akakohoa. Akasema kwa upole ambao haukumtoka moyoni kwamba pengine ndege amehamia kwingine, na pengine, bila kumvunjia mtu heshima, mgeni anaweza kuona asichokiona. Fundi aliutazama uso wa Kimya. Ulikuwa unafungwa kama duka jioni, ubao mmoja baada ya mwingine.

"Yule pale," alisema mama.

Alikuwa amesimama, blanketi limemwanguka, kidole amekipitisha kwenye tundu.

"Nyuma ya yule mnene. Mguu wa kulia njano, wa kushoto nyeupe. Ameingia katikati ya wenzake sasa hivi. Nimemwona mimi."

Darubini zote zikageuka. Lakini ndege walikuwa wamepandana kama viatu mlangoni mwa sherehe, na upepo ukawasukuma wakasogea, na huyo nyuma ya mnene, kama alikuwepo, akapotea. Haikujalisha. Wa pili amepatikana. Watu wakampa mama mkono, mmoja akammiminia chai. Mwenyekiti akalazimika kupongeza.

Fundi hakutazama nje. Alimtazama mama. Kwenye pua ya mama palikuwa na alama mbili nyekundu za miwani, na miwani yenyewe haikuwepo. Bila miwani ile mama alikuwa anamsalimia mtungi wa maji akidhani ni jirani. Mama naye akamkazia macho Fundi, kwa namna ambayo hakuwahi kumtazama tangu wajuane, kama mtu anayemwambia mwenzake, shika upande wako wa meza, tusiiangushe.

Kimya akachukua simu akatoka nje kutafuta mtandao.

Fundi angeweza kukaa. Jambo lilikuwa limekwisha, tena limekwisha vizuri. Mwanamume anafurahi, mama mkwe mtarajiwa ameshika upande wa pili wa siri, na huyo sululu, popote alipo, hasomi taarifa. Fundi alikaa pale kwa muda wa kufikiri hayo yote. Kisha akainuka, akamfuata.

*

Alimkuta juu ya tuta, ameinua simu angani.

"Usipige," alisema.

Kimya akamgeukia, bado uso umejaa furaha. "Mtandao haujakaa sawa. Ngoja kidogo."

"Usipige. Sikumwona." Upepo ulimpokonya maneno, akayarudia kwa nguvu. "Yule ndege sikumwona. Nilikudanganya."

Mkono wa simu ukashuka.

"Jumapili?"

"Jumapili. Nilipiga kukuambia nimefika. Ukaniuliza kama nimemwona, ukauliza kwa sauti ile yako, mimi nikashindwa kusema hapana. Na rangi nilizitoa kwenye picha. Ile ya ofisini kwako, baba amemshika."

Kimya alinyamaza. Alikuwa na aina nyingi za kunyamaza na Fundi alidhani ameshazizoea zote. Hii ilikuwa mpya.

"Kwenye picha ndege ametugeukia," alisema mwishowe. "Kulia kwake ni kushoto kwetu. Pete ya njano iko mguu wake wa kushoto."

Fundi, ambaye kutwa anapima watu waliomgeukia, na hajawahi kumshonea mtu mkono wa kulia kwenye bega la kushoto, alihisi aibu iliyokuwa kifuani inashuka kutafuta mahali pengine pa kukaa.

"Ulijua?"

"Nilijua umegeuza. Kila anayeanza hugeuza. Nikasema amemwona, furaha imemzidi, amechanganya miguu." Alitazama maji. "Mama aliposema kulia njano, nikajua amechukua maneno yako. Miwani yake ilibaki juu ya friji. Nikasema si kitu, mama ananihurumia. Ila Fundi amemwona."

"Nisamehe."

"Na nilikuwa napiga simu hivyohivyo." Akaitazama simu mkononi kama uchafu. "Najua shahidi wa pili hajaona, na nilikuwa napiga. Mimi, niliyemfuta mzee wa watu kwa sababu ya kopo."

Mume wake wa zamani alikuwa mtu wa kupiga kelele, na Fundi alijua namna ya kusimama chini ya kelele, unainamisha kichwa mpaka mvua ipite. Hapa hapakuwa na mvua. Alisema tena nisamehe, likatoka dogo. Alisema hakutaka kumwona anakonda. Kimya akatikisa kichwa, si kwa hasira.

"Ungesema hukumwona, ningelala na njaa siku moja zaidi," alisema. "Sasa nimempoteza mara mbili. Mara hii ya pili ni wewe."

Kisha akavuta koti, akasema ataingia awaambie watu kwamba amekosea yeye, hesabu ifutwe, na yeye mwenyewe ndiye wa kulaumiwa kwa kutomuuliza mgeni maswali. Alisema *mgeni*. Fundi akamtangulia mlangoni.

"Uongo ni wangu," alimwambia. "Usininyang'anye na huo."

*

Ndani walikuwa wanamsikiliza mama akieleza jinsi ndege alivyogeuza shingo. Fundi akasimama katikati, katika koti lake zuri, ambalo sasa alitamani lingekuwa gunia.

"Sululu sikumwona," alisema. "Wala Jumapili, wala leo. Nilisema uongo. Mlinzi hakujua, na simu hajapiga. Nawaomba radhi kwa kuwatoa vitandani."

Nje mawimbi yalikuwa yanalamba nguzo za kibanda. Kisha Mwenyekiti akapata sauti yake. Akasema hilo ni jambo zito sana, lakini ashukuriwe Mungu, mama amemwona leo kwa macho yake. Au siyo, mama?

Wote wakamgeukia mama.

Fundi aliharakisha kusema kwamba yeye amesema yake tu, ya mtu mwingine hayajui. Na hapo angeweza kukaa kimya yule mama, akanywa chai yake, akamwacha mwanamke aliyemkataa atoke peke yake na fedheha yake mlangoni. Alikizungusha kikombe mikononi. Akamtazama mwanawe aliyesimama mlangoni, au pale alipokisia kuwa ni mlangoni.

"Sikuona kitu," alisema mama. "Hicho kidole changu chenyewe nilikuwa nakikisia."

Mtu mmoja akacheka, akajizuia.

"Huyu amesema uongo kwa ajili ya mwanangu," mama akaendelea. "Na mimi nimesema uongo kwa ajili ya mwanangu. Wake ulinishinda kwa kutangulia tu. Kama kuna kufukuzwa, Mwenyekiti, anza na mkubwa."

Mwenyekiti hakujua pa kuweka masharubu yake. Alikuwa ameisubiri siku kama hii tangu kopo, na sasa imekuja na mama mtu mzima ndani yake. Akasema chama hakifukuzi. Akasema yeye mwenyewe, alipofutwa, hakuruhusiwa kutazama peke yake msimu mzima, alikalishwa kando ya mwenzake kama mwanafunzi, na kila alichokiona ilibidi mwenzake aone kwanza. Basi na hawa wawili iwe hivyo. Nani atakaa nao?

Watu wakaanza kukagua mabuti yao. Fundi alitazama sakafu, mbao zilizolowa, unyayo wake mwenyewe. Aliwaza njia ya kurudi mjini kwa miguu, kando ya tuta, na jinsi watakavyomwona wote kupitia lile tundu.

"Mimi," alisema Kimya.

Hakusema kwa upendo. Alisema kama anavyotangaza idadi ya bata. Akapita katikati ya watu, akakaa kwenye benchi mbele ya darubini yake kubwa. Mama akasogea, na aliposogea hakusogea kumkaribia mwanawe. Aliacha nafasi katikati.

"Njoo ukae, mwanangu," alimwambia Fundi. Ilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, na Fundi akaona aibu kuliko alivyoona alipokuwa anakaguliwa kama sufuria.

Akakaa. Bega lake liligusana na bega la Kimya kwa sababu benchi lilikuwa limejaa, na Kimya hakulisogeza, wala hakulisogelea. Alilegeza skrubu, akaishusha darubini mpaka usawa wa macho ya Fundi.

"Tazama," alisema.

Fundi akaweka jicho. Kwanza ukungu tu, kwa sababu ya machozi. Akafuta kwa mkono wa koti. Akaona maji, kisha mchanga, kisha mdomo mrefu uliopinda.

"Unaona nini?"

"Sululu mmoja."

"Miguu yake?"

Alitazama sana. Ndege alikuwa amesimama ndani ya maji mpaka tumboni, mtulivu, ameipa baridi mgongo. Kibanda kizima kilikuwa kinasikiliza. Alijua jibu ambalo mtu yule kando yake angelitaka kuliko yote duniani, na alijua kwamba hata sasa, hata baada ya haya yote, akilitamka kuna pembe moja ya moyo wa mtu huyo itakayoinuka kabla hajaizuia.

"Imo ndani ya maji," alisema. "Siioni."